Paja Lililopanda Mlima

Siku ya kikao, uani kwangu, tulikuwa hawa. Mimi mwenyewe, mjane, mwenye mji. Mwanangu kitindamimba, aliyejenga ubavuni mwa nyumba yangu. Mke wake, mkamwana wangu, mzaliwa wa Tunduma, ambaye nusu ya ndugu zake wako ng'ambo, Zambia, na mtoto wao akiwa mgongoni kwake. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyeachika zamani akarudi kujenga kwenye ardhi ya baba yake, hatua mia moja kutoka kwangu, na tangu siku hiyo hajapata kunyamaza. Mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye mwenyekiti wa kitongoji chetu. Bwana mifugo wa kata, ambaye si ndugu yetu lakini amekula kwetu kuliko ndugu. Na wageni wawili wa chuo: daktari wa wanyama, binti mwembamba mwenye sauti ya upole, na mwenzake wa kiume mwenye miwani, aliyekuwa anaandika hata tukikohoa.

Majina yao yote ninayo kichwani, ya baba zao ninayo, na ya wale wageni pia, maana niliwauliza mpaka ukoo wa mama. Hata jina la dume langu la nguruwe ningeweza kulitaja mkacheka, kwa sababu nilimpa la diwani mmoja wa zamani, walifanana kwa tumbo. Lakini sitaji. Wageni walipokuja mara ya kwanza walitusomea karatasi kwamba jina la mtu halitaandikwa popote, kila mji utapewa namba. Mimi najua kuandika jina langu, nilifika darasa la nne, lakini yule wa miwani alikwisha kunishika kidole gumba na kukichovya kwenye wino kabla sijasema. Nikawa kaya namba moja. Basi nami nafuata karatasi yao. Aliyekuwepo atajijua, na asiyejijua atasaidiwa na jirani.

Mambo yenyewe yalianza kwa paja.

Kaka yangu anakaa chini huko, upande wa Itumba, sisi tuko juu, karibu na Ibaba. Kwetu, nyumbani kwa baba yangu, nguruwe akichinjwa kwa shughuli, paja la nyuma la kulia ni la dada aliyeolewa. Linapelekwa zima, na ngozi yake, lisiguswe njiani. Paja likikatwa njiani, ni dada aliyekatwa. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa analipima kwa mkono mlangoni. Likiwa zito, wiki nzima naitwa mwanangu. Likiwa jepesi, naitwa "huyo". Kwa hiyo nimekaa kwenye ndoa hii, na baada ya ndoa kwenye ujane, nikijivunia mapaja ya kaka yangu. Wanawake wengine hapa walisifia watoto wao waliosoma. Mimi nilisifia paja.

Mwaka huo mjukuu wa kaka alikuwa apate kipaimara, na nguruwe alikuwa ametengwa. Paja likafika wiki mbili kabla ya kipaimara chenyewe. Aliyelileta kwa bodaboda alisema tu, "Bibi, mnyama alianza kulegea, ikabidi wamuwahi."

Kumuwahi. Wasiofuga hawatanielewa, kwa hiyo naeleza. Huku kwetu nguruwe haachwi afe mwenyewe. Akifa mwenyewe ni mzoga, na mzoga ni aibu. Lakini kisu kikimkuta anapumua, hata kama ni pumzi moja na nusu, basi ni kitoweo, na mtu haulizi ile nusu ilikwenda wapi. Mlima mzima tunafanya hivyo. Tunakimbiza visu kama watu wanaokimbiza basi. Halafu jumapili tunaimba kanisani kwamba Bwana ametoa na Bwana ametwaa, wakati aliyetwaa ni sisi, tumemtangulia.

Mkamwana wangu ndiye aliyelipokea paja mlangoni, kwa mikono miwili, amepiga goti, kama inavyotakiwa. Akaliweka kwenye beseni, akaliangalia.

"Mama, damu yake mbona nyeusi hivi?"

"Kwenu Tunduma mmezoea nyama za kwenye friji," nikamwambia. "Damu mtaijulia wapi?"

Nililiosha mwenyewe. Yale maji ya kuoshea, mekundu, na vipande vya mafuta na ngozi, nikayamwaga kwenye kihori cha nguruwe, nikakoroga na pumba na machicha ya pombe. Nani anamwaga maji mazito namna ile chini? Dume langu lilitangulia kunywa, majike yakasubiri, kama kwenye mikutano ya diwani yule.

Siku mbili baadaye wifi alikuja na kamba. Majike yake mawili yalikuwa yanataka dume, na dume zima hapa kitongojini ni langu tu. Akalikokota mwenyewe, akilisifia njia nzima. Likalala kwake siku tatu. Na wiki hiyo hiyo mkamwana wangu alishuka Tunduma kumwangalia mama yake, akarudi na soseji za nguruwe za kutoka ng'ambo, zimefungwa kwenye gazeti. Akazikaanga. Nilikula nne. Wifi alikula tano. Nawahesabia kwa sababu hizo soseji zilikuja kutajwa sana.

Dume likaanza kukataa chakula. Masikio yakawa mekundu kama yamechapwa, tumbo nalo likaiva kwa wekundu, likajilaza kwenye majani linatetemeka. Sikuliwahi, nakiri, kwa sababu nilikuwa kanisani kwenye kwaya. Nikarudi nikakuta limekwisha. Likafuata jike moja, na watoto sita wa nguruwe katika usiku mmoja na mchana wake. Halafu tukasikia kilio kwa wifi. Alikuwa na kumi na moja. Ndani ya wiki alibakiwa na banda. Kufikia mwisho wa mvua kubwa, kitongoji kizima kilikuwa kimya asubuhi. Sikujua kama nguruwe ndio waliokuwa wanatuamsha.

Mwenyekiti wetu akatangaza karantini. Karantini yake ilikuwa kamba moja ya katani, kutoka mti mmoja hadi mwingine, na kiti. Akakaa kwenye kiti. Marufuku kuchinja, marufuku kusafirisha nyama, marufuku kutembeleana mabandani. Siku ya pili upepo ukageuka, tukasikia harufu ya kukaanga inatokea nyumbani kwa mwenyekiti. Naye alikuwa amewahi. Bwana mifugo akapita banda kwa banda kutufundisha usafi, na mabuti yake yaleyale, tope la banda la kwangu linaingia la jirani, la jirani linaingia la tatu. Alikuwa anafundisha vizuri sana.

Sasa ugonjwa ukiingia lazima awepo aliyeuleta, na aliyeuleta lazima awe mgeni. Wifi hakuchelewa.

"Ni zile soseji," alisema mbele ya watu kisimani. "Tangu lini huku tumekuwa na ugonjwa? Ametoka nao Zambia kwenye gazeti. Na wa kwanza kufa ni wa huo mji wao. Mnataka ushahidi gani tena, mnataka soseji iseme yenyewe?"

Watu wakakubali upesi, kwa sababu Tunduma kwetu ni mahali pa kila kitu kibaya: malori, Wazambia, fedha za kubadilisha, wanawake wanaojua hesabu. Ukoo ukakaa. Ukaamua hivi: mkamwana arudi kwao na nguo zake, mpaka ndugu zake walete nguruwe kumi na moja wazima wa kumlipa wifi. Mtoto abaki, mtoto ni wa ukoo.

Mwanangu alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti. Alikwangua kikao kizima, kiatu kikang'aa.

Na mimi? Mimi nilikuwa najua. Dume lilikunywa kabla ya soseji kufika. Na kaka yangu alikwisha kunipigia simu, nguruwe wake waliobaki wamekufa wote, masikio mekundu, akaniambia, "Dada, usiseme." Nilihesabu siku kwa vidole, nikahesabu tena. Nikakaa kimya. Ningesema, ningekuwa nimesema kwamba paja la kwetu, paja ambalo nimelivimbia kichwa maisha yangu yote, lilikuwa mzoga uliowahiwa. Basi nikaona ni rahisi zaidi mtoto wa mtu afungashe nguo. Naandika hivi hivi jambo lilivyokuwa, sitafuti maneno ya kulipaka mafuta.

Kilichomwokoa kwa muda ni hao watu wa chuo. Walikuja mvua ikiwa haijaisha, mwenyekiti akasema hukumu isubiri majibu yao. Wifi alifurahi kuliko wote. Aliamini mashine itaikuta soseji.

Walivaa mavazi meupe ya nailoni toka kisigino mpaka kichwani, tukadhani wamekuja kuzika. Watoto walikimbia. Mbuzi wa jirani alikata kamba. Wakamimina dawa kwenye beseni na sponji wakaliweka njia ya kuingilia, kila mtu akanyage kabla ya kuingia. Watu waliruka. Mwenyekiti aliruka wa kwanza, alikuwa amevaa viatu vya ngozi. Wakachukua damu ya wale waliokuwa bado wanahema, wakaweka kwenye vichupa, vichupa kwenye boksi la barafu. Nilikuwa na jike moja kuukuu ambalo liliugua siku nne halafu likanyanyuka likaomba chakula. Hilo walilipenda ajabu. Walilipima damu mara tatu, walilipiga picha za ubavu na za uso. Mimi niliyelilisha hawakunipiga hata moja. Nikamuuliza yule daktari kwa nini lenyewe halikufa.

"Hatujui, bibi," akasema. "Ndilo tunalotaka kujua. Mwili wake umepigana vizuri, lakini kwa nini wake na si wa wenzake, hatujui."

Huyo nikampenda hapo. Bwana mifugo wetu hajawahi kutojua.

Halafu maswali. Yule wa miwani alikuwa na maswali mengi kuliko mchungaji anayemhoji bwana harusi. Nguruwe wako hulala wapi, hukutana na nani, je, huonana na nguruwe pori, je, umeona kupe. Akafika kwenye lile.

"Bibi, katika mwezi uliopita umewalisha nguruwe mabaki ya nyama ya nguruwe?"

"Nguruwe amle nguruwe mwenzake?" nikamjibu. "Sisi ni Wakristo hapa, mwanangu."

Akaandika hapana. Mkamwana wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya mgeni mkononi. Alisikia. Alimpa mgeni chai, akaingia ndani.

Miezi mitatu tulisubiri, mpaka viazi vikachimbwa. Miezi hiyo wifi hakupokea kitu kutoka mkononi kwa mkamwana wangu, hata moto wa kuwashia. Msibani alipokwenda kusaidia kupika wakampa kazi ya kuosha masufuria peke yake, nyuma. Jioni alikuwa ananikanda miguu kwa maji ya moto kama kawaida, maana miguu yangu haipendi baridi ya huku. Hakuniuliza chochote. Kama angeniuliza ningemfokea, na nadhani alilijua hilo.

Ndipo tukafika siku ya kikao.

Daktari alisimamisha karatasi kubwa kwenye kiti. Ilikuwa na mchoro wa mistari inayogawanyika, kama matawi.

"Huo si ukoo?" nikamuuliza. "Baba huyu, watoto hawa, wajukuu hawa?"

"Ndiyo hasa, bibi. Ni ukoo wa virusi."

Akatueleza. Kirusi ni kidogo mno, hakionekani hata kwa darubini ya hospitali ya kawaida. Peke yake hakiwezi kula wala kuzaa. Mpaka kiingie ndani ya mwili wa mwingine, kijifanye wa nyumbani, kitumie vyombo vya mwenye nyumba kuzaa watoto wake, halafu nyumba ikishabomoka kihamie nyingine.

"Nina shemeji wa hivyo," nikasema. Bwana mifugo akacheka, wifi hakucheka.

Daktari akaendelea kwamba kila kikizaa, kinakosea kidogo kwenye vinasaba vyake, na makosa hayo yanarithiwa, kwa hiyo wao wakisoma makosa wanajua nani ni ndugu wa nani. Akasema pia chanjo yake ya kutumia hapa kwetu haipo, wala dawa, lakini kinaishi kwenye nyama siku nyingi, hata ikipoa, hata ikikaushwa, na kwenye maji ya kuoshea nyama. Akasema hakimdhuru binadamu hata kidogo.

Mkamwana wangu alikuwa amekaa juu ya kiroba cha nguo zake. Alikuwa amekwisha fungasha tangu asubuhi.

"Sasa soseji," wifi akasema. "Tufike kwenye soseji."

"Bibi, soseji hatukuipata ya kupima."

"Mnaona! Ushahidi umeliwa!"

"Wewe ulikula tano," nikamwambia.

"Nilikula nikiwa sijui!"

Daktari akasubiri tumalize. Akaweka kidole kwenye tawi moja. "Tulichonacho ni hiki. Kirusi cha hapa hakifanani na kile tulichokikuta upande wa Tunduma. Kile ni ndugu wa mbali. Cha hapa kinafanana na cha kata moja ya chini huko, yaani ni kama mtu na ndugu yake wa tumbo moja."

"Kata gani?" mwenyekiti akauliza.

"Hatutaji, mzee. Tuliwaahidi na wao."

Nilitazama miguu yangu. Nikajua wamepita kwa kaka, wamempa namba naye. Nikafikiri, basi, yamekwisha, mtoto wa watu amepona, na mimi sijasema kitu, Mungu ni mwema. Nilifurahi, nisidanganye. Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate.

Kwa sababu wifi yangu akili yake haijapata kulala. "Ya chini huko?" akasema. "Na gari la kutoka Tunduma linapita wapi? Si linapita chini huko? Si anashukia Itumba kungoja bodaboda? Basi kajikalia hapo, kakanyaga kanyaga, kanunua nunua, kaupandisha! Kama si soseji basi ni miguu! Daktari, miguu inaleta?"

Daktari alikuwa mkweli, na ukweli wake ulituharibia. "Inaweza, bibi. Viatu vinaweza. Mchoro huu unaonyesha ndugu, hauonyeshi nani alimbeba."

"Mmesikia?" wifi akawaambia watu wote. "Umesikia mwanangu mwenyekiti? Mashine imesema."

Mwenyekiti akakohoa. Akasema kwamba, kwa kuwa utaalamu umethibitisha, na kwa kuwa ukoo ulikwisha kuamua, hana budi. Mwanangu akainama kutafuta kijiti.

Mkamwana wangu alisimama. Akalegeza kanga, akamshusha mtoto mgongoni, akaja akamweka mapajani kwangu. Alikuwa amelala, jasho limemlowesha upande mmoja wa uso.

"Mshike, mama," akasema. "Ana kikohozi kidogo usiku. Asali iko nyuma ya debe la unga."

Hakunitazama kwa jicho lolote la kunisuta, ningeweza kulikasirikia jicho hilo nikajificha humo. Alinieleza asali iliko.

Nikasema, "Andika."

Nilimwambia yule wa miwani. Akashtuka. Nikamwambia, "Andika, wewe uliniuliza nikakudanganya. Aliyembeba ni bodaboda, na aliyemtuma ni kaka yangu, na aliyempokea ni mimi. Lilikuwa paja." Na hapo niliyataja majina yote, kinyume cha karatasi yao. Jina la kaka, la mjukuu wake wa kipaimara, la mwenye bodaboda na la mama yake mwenye bodaboda. Nikataja siku lilipofika, nikataja beseni, maji, kihori, dume. Nikataja siku wifi alipokuja na kamba, siku soseji zilipofika, ambayo ni baada. Ukoo wao wa kwenye karatasi uliwagharimu miezi mitatu na mashine. Mimi niliumaliza kabla mtoto hajageuza shingo. Wangeniuliza tu nani ameoa wapi, na kama nisingekuwa mwongo, wangerudi nyumbani siku ileile.

Daktari akauliza taratibu, "Bibi, mbona mara ile ulisema hapana?"

"Mliuliza kama niliwapa mabaki. Niliwapa maji." Hata wakati wa kutubu mtu anatafuta kona.

"Nguruwe wangu kumi na moja!" wifi akalia. "Wifi! Umeniua!"

"Dume ulilifuata mwenyewe, wifi. Nakumbuka mpaka rangi ya kamba yako."

Nikamgeukia mkamwana. Yeye ndiye aliyetangulia kusema.

"Nilijua, mama. Tangu ile damu."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nisimame mimi wa Tunduma niseme mama mkwe wangu ni mwongo, na hapa mnaamini soseji?" Akamchukua mtoto mapajani kwangu, akamfunga mgongoni vizuri, akainua kiroba. "Mlinifukuza kwa kikao. Mtanirudisha kwa kikao, huko kwetu."

Hakuna aliyethubutu kumwambia mtoto ni wa ukoo. Pikipiki ya bwana mifugo ndiyo iliyomshusha, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie kata hii mtu huyo alifanya jambo la maana.

Ukoo ukasema watumwe wanaume wawili wakamfuate. Nikasema hapana, wanaume walikwisha kukwangua viatu vya kutosha, nakwenda mwenyewe, na mwanangu atabeba kuku. Tukashuka Itumba, tukapanda gari mpaka Mpemba, mpaka Tunduma. Nyumba ya mama yake iko pembeni ya njia ya malori, unaongea kwa kupayuka. Mama huyo anauza dagaa, ana mikono mikavu na adabu kali. Alinipokea kwa kunipigia magoti, mukwai huku na mukwai kule, kama wanavyoheshimiana wao, akanipa stuli nzuri kuliko zote.

"Ningekukaribisha maji, mkwe," akasema, "ila nasikia vya kwetu vinaua huko mlimani."

Nikasema, "Nipe, mkwe. Nimestahili."

"Basi kunywa. Ukifa, tutajua ni sisi kweli."

Alinikalisha siku mbili kwa sababu wajomba walikuwa ng'ambo na hawangeweza kusikiliza jambo kama hilo kwa simu. Mkamwana wangu alinipikia, akanikanda miguu, hakuongea nami. Siku ya tatu wajomba wakaja wanne, wakakaa, nikasimama katikati ya sebule nikaeleza upya toka mwanzo, kwa sauti ya kushinda malori. Mjomba mkubwa akaniuliza kama kaka yangu anajua nimemtaja. Nikasema anajua, na ameniambia nisikanyage kwake, na kwamba paja halitakuja tena maisha yake yote. Mjomba akasema pole. Alimaanisha. Nilikaa chini nikalia kidogo, kwa ajili ya kaka, si kwa ajili yao.

Mkamwana akatoa masharti. Atarudi, lakini si uani kwangu. Ajengewe nyumba ng'ambo ya barabara, mlango wake utazame kwingine. Banda lake la nguruwe liwe na kufuli, na ufunguo ukae kwake. Nyama ya zawadi isivuke kizingiti chake, hata ikitoka kwa askofu. Mwanangu alikubali yote kabla hajamaliza kuyasema, na safari hii alikuwa amesimama wima. Ameijenga mwenyewe, matofali yake hayakunyooka, lakini ameijenga.

Sasa anao nguruwe saba. Mimi sina hata mmoja, yule jike kuukuu watu wa chuo waliniomba wakaondoka naye, kwa shukrani nyingi na picha nyingine. Asubuhi navuka barabara kumwangalia mjukuu, na nikitaka kuwaona nguruwe mkamwana wangu ananiambia, "Ongea nao ukiwa hapo hapo, mama." Basi nasimama hapo hapo. Nawasalimia kwa kupaza sauti. Wanaitikia, wale hawana kinyongo. Yeye bado ananiita mama, lakini anafikiri kidogo kabla ya kuniita. Nasubiri.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Waliokuwepo, kama nimeweka siku mahali si pake, au nimempa mtu neno ambalo hakulisema, njooni mniambie, nitalifuta na kuliandika upya, kalamu ninayo. Hasa yale niliyomwambia mkamwana wangu na yale ambayo sikumwambia, hapo siamini sana kichwa changu, mtu hujipendelea. Wifi, najua utasema zilikuwa soseji nne. Njoo na wewe, nitakusikiliza, halafu nitaacha kama lilivyo.